Mgongo wa mfanya kazi: kupanga kazi ili isivunje mwili

Kamiyo yenye kubeba tani 30 za simenti inaleta mifuko 600 ya kilo 50. Ikiwa wapakuzi ni 6, kila mmoja anapata mifuko 100. Ni kusema tani 5 zinapita kwenye mwili wa mtu mmoja, mara nyingi mbele ya saa sita ya mchana, na pengine kamiyo ingine iko nyuma inangoja. Kwenye daftari ya depo wanaandika hesabu ya mifuko na franga zenye zililipwa. Kilo zenye kila mtu alibeba, hakuna mwenye anaziandika.

Si kazi ya depo peke yake. Kuko wale wa kinu cha unga, wa mikate, wa sabuni, wa kuchagua kahawa na chai, mafundi wa mbao, wa kusudia vyuma, wamama na wababa wa kushona, wachoma matofali. Kila mahali utasikia maneno yale yale: mgongo unaluma, kiuno kimekamata, bega halipandi, vidole vinakufa ganzi usiku. Wengi wanasema ni uchovu tu, ama ni uzee, hata kama mtu bado ana miaka 28.

Waganga wana jina la hiyo mambo. Kwa kifaransa wanaiita TMS: ni maumivu na vidonda vya misuli, mishipa, viungo na uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu watu karibu bilioni 1,71 duniani wenye wanateswa na magonjwa ya aina hii, na katika inchi 160 maumivu ya mgongo wa chini ndiyo yanaongoza katika kuwafanya watu washindwe na shughuli zao. Si yote inatoka kazini, lakini kazi nzito na kazi ya kurudilia kitendo kimoja siku nzima zina sehemu kubwa.

Ergonomi ni elimu ya kupanga kazi kufwatana na mwili wa mtu, kuliko kulazimisha mwili ufwate kazi. Neno lenyewe lilitungwa na mwalimu mmoja wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, mwaka 1857. Lakini tangu mwaka 1700 munganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, alikuwa tayari ameandika kitabu juu ya magonjwa yenye kila kazi inaleta, na alionyesha kwamba kukaa vibaya na kurudilia kitendo kimoja kunaharibu mwili. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni maneno mapya ya wazungu wa ONG, mwambie iko na zaidi ya miaka 300.

Juu ya nini mfuko unazidi kilo zake

Wenye kufanya kazi kwenye mashimo ya zahabu wanajua baramini. Ukiingiza ncha yake chini ya jiwe, ukakamata upande mrefu, unainua jiwe lenye mikono haiwezi. Sasa fikiri baramini imegeuzwa: jiwe liko upande mrefu, wewe uko upande mfupi. Hivyo ndivyo mgongo unafanya kazi ukiinama kuokota mzigo. Misuli ya mgongo iko karibu santimita 5 tu kutoka kiungo cha uti wa mgongo. Mzigo wenye uko kwenye mikono, mbele yako, unaweza kuwa santimita 50. Ni mara 10. Mzigo wa kilo 20 hapo unaomba misuli ivute nguvu kama ya kilo 200, na bado hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa, maana vyote vinaning'inia mbele wakati umeinama.

Yenye inafinywa hapo ni visahani laini vyenye viko katikati ya mifupa ya uti wa mgongo. Visahani hivyo havipate damu ya kutosha kama misuli, kwa hiyo vinapona polepole, tena vingine haviponi vizuri. Usiku, wakati mtu amelala, vinanywa maji na kuvimba kidogo. Ndiyo sababu asubuhi mgongo unakuwa mgumu, na kuinama na mzigo mzito saa ya kwanza kisha kuamka ni hatari kuliko saa ine ya asubuhi. Madepo mengi yanafanya kinyume: kamiyo inaingia usiku, saa kumi na moja ya alfajiri watu wanaanzia kwa mifuko. Ingewezekana waanze na kufagia, kupanga palete, kufungua njia, kisha nusu saa ama saa moja waingie kwa mzigo. Hiyo haiombe franga hata moja.

Taasisi moja ya Marekani yenye kuchunguza usalama kazini, NIOSH, ilitengeneza hesabu ya kupima kama mzigo unafaa kuinuliwa na mikono miwili. Ilitolewa mwaka 1981, ikarekebishwa mwaka 1991. Inaanzia kwa kilo 23, lakini hizo 23 ni wakati kila kitu ni kizuri: mzigo uko karibu kabisa na mwili, uko kwenye urefu wa santimita 75 hivi kutoka chini, mtu hajizungushi, tena hainui mara nyingi. Ukiweka mzigo santimita 50 mbele, 23 zinakuwa 11 na nusu. Ukiuweka tena chini kwenye udongo, zinabaki karibu 9. Ukijizungusha wakati wa kuinua, ama ukirudilia mara kadhaa kila dakika, zinashuka tena.

Mtu wa kwetu atacheka: kilo 9? Hapa mtoto wa shule anabeba zaidi ya hiyo akitoka kwenye maji. Ni kweli. Hesabu ya NIOSH haiseme kwamba mtu hawezi kubeba zaidi. Inasema kwamba kuanzia hapo, watu wengi wenye afya wanaanza kuingia katika hatari ya kuumia kama kazi inaendelea hivyo kila siku. Shirika la Kazi Duniani, BIT, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, liliandika kwamba kama inchi inaruhusu mwanaume mzima abebe zaidi ya kilo 55 kwa mikono, inafaa ifanye mbio kushusha mpaka 55. Ufaransa sheria ya kazi inakataza mwanaume abebe zaidi ya kilo 55 kwa kawaida, isipokuwa munganga wa kazi amemukubalia, na hata hivyo hapana kupita 105. Kwa mwanamke ni 25. Kwa hiyo gunia la maharagi la kilo 100, lenye sisi tunaona ni kitu cha kila siku, hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivi vitatu kinachokubali mtu alibebe kila siku bila ruhusa ya munganga wa kazi.

Uingereza mfuko wa kawaida wa simenti ni wa kilo 25. Kwetu mfuko unabaki 50, na hata tukiletewa wa 25, wapakuzi wenye kulipwa kwa hesabu ya kilo wangebeba miwili pamoja. Tutarudi kwenye hiyo mambo ya malipo.

"Pinda magoti" haitoshi

Ukiuliza patron wa kiwanda kama anachunga migongo ya watu wake, mara nyingi atajibu kwamba wamefundishwa: nyoosha mgongo, pinda magoti, leta mzigo karibu. Mafundisho hayo si mabaya. Lakini watafiti wenye kulinganisha uchunguzi mwingi wa inchi mbalimbali waliona kwamba kufundisha watu namna ya kuinua, peke yake, hakupunguze maumivu ya mgongo. Sababu inaeleweka. Mtu akifundishwa asubuhi, saa nane mfuko wake wa 80 uko umetupwa nyuma ya mingine, chini, mahali pa kufinyana. Hapo hakuna namna ya kupinda magoti. Inabidi ajinyooshe na kujipinda ili aufikie.

Na mukaba wa kiuno? Unauzwa sokoni, wengine wanaona ni ulinzi mkubwa. Mwaka 1994 NIOSH ilisema kwamba hakuna uhakika wenye kutosha wa kuupendekeza kwa mtu asiye na jeraha. Mwaka 2000 ukatoka uchunguzi mkubwa wa Marekani katika maduka 160, wafanya kazi zaidi ya 9000: wenye kuvaa na wasiovaa waliumia sawasawa. Hatari yake ni kwamba mtu akijisikia amefungwa vizuri anaongeza mzigo. Kwa maoni yangu, patron mwenye kununua mikaba 20 angefanya vizuri kununua mbao.

Mbao, ndiyo. Kwa sababu sehemu kubwa ya ergonomi katika viwanda vidogo ni mambo ya urefu.

Wakati mgumu wa kubeba gunia si wakati wa kutembea nalo. Kwenye kichwa ama kwenye bega, mzigo uko karibu na mstari wa uti wa mgongo, na ile nguvu ya baramini ni ndogo (shingo na magoti ndivyo vinaumia hapo, ni mambo mengine). Wakati mbaya ni kulitoa chini na kulirudisha chini. Ukiweza kuondoa hayo mawili, umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Kitako cha kamiyo kiko juu, karibu na kifua ama bega la mtu: mfuko ukisogezwa mpaka kwenye ukingo na mwenye kubaki ndani ya kamiyo, mbebaji anaupokea moja kwa moja kwenye bega bila kuinama. Upande wa depo, usipange safu ya kwanza kwenye simenti ya chini. Weka palete mbili tatu moja juu ya ingine ili safu ya kwanza ianzie kwenye urefu wa magoti, na juu usipitishe mabega. Ndiyo, unapoteza nafasi kidogo. Lakini simenti yenyewe haitakamata unyevu, na mwenye depo anajua bei ya mfuko wenye umekuwa jiwe.

Bukavu tuna bahati yenye hatuitumikishe: mji ni milima tupu. Depo nyingi ziko juu kidogo ama chini kidogo ya barabara. Kama dereva akisimamisha kamiyo upande wa chini, kitako chake kinaweza kulingana na udongo wa mlangoni. Hapo unaweka ubao mnene na mzigo unapita kwenye kigari cha magurudumu bila mtu hata mmoja kuinua. Pahali pengine nimeona kamiyo inasimama upande wa juu kwa sababu tu ndipo kivuli kiko, na watu wanashuka na kupanda ngazi za udongo na kilo 50 kichwani.

Tena mtu asiseme magurudumu si desturi yetu. Chukudu ilizaliwa huku kwetu, Kivu ya Kaskazini, kwa mbao na mipira ya gari, na Goma waliijengea sanamu kwenye rond-point. Chukudu moja inapitisha mamia ya kilo, mahali ambapo kichwa kingepitisha 50. Ni ergonomi ya watu wetu wenyewe. Ajabu ni kwamba inafika mpaka kwenye mlango wa depo, kisha ndani kila kitu kinarudi kwa kichwa.

Meza

Kwa kazi ya kusimama, kipimo ni kiwiko. Simama wima, acha mkono ushuke, pinda kiwiko: urefu huo ndio unaongoza. Kazi nyepesi, kama kufunga sabuni ama kuchagua kahawa, meza iwe chini ya kiwiko kwa santimita 5 mpaka 10. Kazi ya kuomba nguvu, kama kukanda unga ama kupiga randa, ishuke mpaka santimita 15 ao zaidi. Kazi ya kuangalia kwa macho, kama kutengeneza radio ama saa, ipande juu ya kiwiko na uweke mahali pa kuegemeza mikono. Watu hawalingane urefu, kwa hiyo tengeneza meza kwa kipimo cha mrefu, na mfupi umpe ubao wa kusimamia. Kuchagua kahawa ukikaa chini kwenye sakafu, miguu imenyooka, siku nzima, ni moja ya mikao mibaya kabisa ya mgongo.

Kwa mashine za kushona, mara nyingi shida ni kiti. Kiti cha plastiki ni kifupi kwa meza ya mashine, mabega yanapanda, shingo inainama. Mto mgumu wa santimita chache unabadilisha mengi.

Kulipwa kwa gunia

Hapa ndipo maneno yanakuwa magumu. Misuli inaomba kupumzika kidogo kidogo: dakika 5 kila saa zinasaidia kuliko kupumzika saa moja mwisho wa siku, kwa sababu uchovu wa misuli unapanda haraka kuliko unavyoshuka. Kubadilishana kazi pia kunasaidia, mwenye kubeba akapumzika kwa kupanga, mwenye kupanga akashika kigari. Yote haya yanaandikwa katika vitabu. Lakini mtu mwenye kulipwa kwa kila gunia, dakika 5 kwake ni franga za mboga. Hatapumzika. Akipata pengo la kupokea magunia mawili kwa safari moja, atapokea.

Kwa hiyo, kama kiwanda kinataka watu wapumzike, inafaa kigeuze hesabu ya malipo: kulipa kikundi kwa kamiyo nzima na kugawanya sawasawa, kuweka idadi ya watu isiyopungua kwa kila kamiyo, na kukataza magunia mawili pamoja. Kikundi chenye kulipwa pamoja kinachunga mwenzao mwenye kuchoka. Si dawa ya yote. Bado wakubwa wa kikundi wanaweza kuwanyonya wadogo. Lakini bila kugusa malipo, kibandiko cha "pumzika" kwenye ukuta hakina kazi.

Mchoro wa mwili

Kuko njia moja yenye haiombe mtaalamu wala mashine, na ningependa kila kamati ya usalama iijaribu. Chora umbo la mtu kwenye karatasi kubwa, upande wa mbele na upande wa mgongo. Itundike mahali mkubwa wa kazi haonekani. Kila mfanya kazi anapita na kalamu, anaweka alama mahali panamuluma, bila kuandika jina. Rangi moja kwa wapakuzi, ingine kwa wa mashine, ingine kwa wafagiaji. Kisha watu 30 kupita, alama hazitatawanyika. Zitajaa pahali pamoja. Kama watu wote wa mashine ya kufunga wameweka alama kwenye bega la kuume, basi usitafute kwenye mabega yao. Nenda uangalie ile mashine: pengine kuko kitu kimewekwa juu sana upande huo, na kila mmoja anakifikia mara mia mbili kwa siku.

Kisha watu watatu ine watembee ndani ya kiwanda nusu saa na kuchagua mambo matatu tu yenye yanaweza kubadilishwa kwa juma moja. BIT ilitoa kitabu cha aina hiyo, chenye alama 132 za kuangalia, toleo la pili ni la mwaka 2010. Nyingi ni mambo ya bei ndogo. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 yenyewe inaomba kampuni ziwe na kamati ya usalama, usafi na kupendezesha mahali pa kazi. Mahali pengi kamati inajulikana kwa maua ya mlangoni.

Dawa za kuzima maumivu

Mtu akilumwa anakimbilia farmasi: diclofenac, ibuprofen, pengine na sindano. Kwa siku chache inasaidia. Kuimeza kila asubuhi ili uweze kubeba ni mambo mengine: inatoboa tumbo, inapandisha tansyo, inaharibu figo, zaidi sana kwa mtu mwenye kutoka jasho jingi bila kunywa maji. Na sindano ya matako yenye kuchomwa na mtu asiye na ujuzi inaweza kugusa mshipa mkubwa wa neva na kumwacha mtu anachechemea.

Mgongo wenye umekamatika ghafla, mara nyingi unapungua katika majuma machache. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidie. Tembea polepole, fanya kazi nyepesi, epuka kuinama na kuzunguka pamoja. Lakini kuko alama zenye haziombe kungoja hata siku moja: mkojo unakataa kutoka ao unatoka wenyewe, ganzi katikati ya mapaja, mguu unalegea. Hapo ni hospitali usiku uleule. Mgongo wenye kuluma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, umwonyeshe munganga upesi; kifua kikuu kinaingiaka pia katika mifupa ya uti wa mgongo, na kinatibika.

Kwa wenye kuitwa siku kwa siku

Wengi wa wapakuzi hawana karatasi hata moja. Siku ya kuumia, depo inasema: huyu si wetu. Sheria ya kazi, kifungu cha 40, inasema kwamba mtu mwenye kuajiriwa siku kwa siku, akimaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiitwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Mwenye mkataba inafaa aandikishwe kwenye CNSS, na malipo ya sehemu ya ajali na magonjwa ya kazini ni juu ya mwajiri peke yake, hayatoke kwenye mushahara. Ajali ikitokea, mwajiri ndiye anapaswa kuitangaza.

Shida ni kuonyesha hizo siku 22. Kwa hiyo kila jioni andika katika kadaftari kako: tarehe, mahali, mzigo gani, ulilipwa ngapi, na jina la mwenye alikuwa anahesabu mifuko. Ukiweza, omba aweke sahihi. Wenzako wanne ama watano wakifanya vilevile, madaftari yatasemeshana mbele ya mkaguzi wa kazi, pale ambapo ofisi yake iko inafunguka.